Foto safi ku telefone, mbaya ku karatasi: Yaya wa Foto anajibu barua zenu

Jambo wasomaji wote. Barua za mwezi huu nyingi zinalia kilio kimoja, mtu amesafiri, ameona kilima ama maporomoko ama ziwa, amepiga foto, wote nyumbani wameisifu ku telefone, alafu siku ya kuitoa ku karatasi ndo machozi. Mimi nimekaa nyuma ya kaunta ya labo ya kutoa foto hapa Lubumbashi miaka mingi na ninajua hasira yote inamwangukia kijana wa mashine, lakini mara nyingi foto ilishakufa njiani kabla haijafika kwake. Nimechukua barua sita, nyingine nitazijibu mwezi ujao.

«Jambo Yaya. Mwezi wa ine tulienda ku maporomoko ya Lofoi na bandugu ba kanisa, barabara ilitutesa lakini tulifika. Mayi ilikuwa mingi sana, nikapiga foto moja ya ajabu. Nikasema hii naiweka mu salon, mukubwa, santimeta 90 kwa 60, ku bashi (turubai). Siku ya kuibeba naona majani yote yamekuwa vi-kare vi-kare na mayi iko kama uji. Kijana wa mashine anasema telefone yangu ni ya bei ya chini. Ni kweli?» (Msomaji wa Katuba)

Hapana ndugu yangu, telefone yako haina kosa. Nilifungua ile faili uliyoniletea, ile ile uliyompa kijana, na nimekuta ina piksel (zile nukta ndogo zinazojenga foto) 1600 kwa 1200, uzito wake haufiki hata kilobaiti 300. Alafu nikakuuliza telefone yako ni megapiksel ngapi ukaniambia 12, maana yake foto yenyewe ilizaliwa na piksel 4000 kwa 3000. Zingine zimeenda wapi? Zimebaki WhatsApp. Wewe ulipiga foto, ukaiweka ku grupu ya kanisa, telefone ikajaa ukafuta, alafu ukaichukua tena kutoka ku grupu ukampelekea kijana, naye pia kwa WhatsApp. WhatsApp ukituma foto kama foto inaibana ili isile megabaiti zako, kwa kawaida ubavu mrefu unabaki karibu na 1600, na kwa kuangalia ku telefone inatosha kabisa, hakuna anayeona tofauti. Lakini tandika piksel 1600 ku santimeta 90 uone, kila nukta moja inapata upana wa zaidi ya nusu milimeta. Chukua rula, nusu milimeta jicho linaiona vizuri sana, na jani la mti wa mbali ambalo lilikuwa na nukta tatu ama ine sasa ni vi-kare vitatu, vine. Hivyo ndo ulivyoviona.

Hesabu ambayo mimi nawapa watu kaunta, na ninawaomba muiandike mahali: chukua piksel za ubavu, gawanya kwa 120, unapata santimeta ambazo foto itatoka kali hata mtu akiishika mkononi. 4000 kwa 120 ni kama 33, 3000 kwa 120 ni 25, kwa hiyo telefone yako ya megapiksel 12 inakupa 33 kwa 25 safi kabisa. Kwa foto ya ukutani ambayo mtu anaiangalia akiwa amekaa ku kiti, gawanya kwa 60, inakuwa 66 kwa 50 na bado nzuri. Na kwa bashi ya 90, mtu akiwa mbali mita mbili, ile 4000 ingekubali pia, siyo kali kama karatasi lakini hakuna mtu angeona vi-kare. Sasa fanya hesabu hiyo hiyo na 1600, gawanya kwa 120: santimeta 13. Kumbe ulikuwa na foto ya kuweka mu albamu, ukaivuta iwe pazia.

Kwa hiyo ukitaka kutuma kwa WhatsApp, tuma kama dokima (ile alama ya kuambatisha, usichague picha, chagua dokima), hapo inapita nzima vile ilivyo. Ile ya HD ni afadhali kuliko ya kawaida lakini bado inabana. Njia ambayo mimi naipenda kuliko zote ni kwenda mwenyewe ku labo na kebo ama flashi ama kadi ya memori, unakaa pale unaona wanafungua faili gani. Na skrini-shoti usilete kabisa, ile ni foto ya kioo cha telefone, siyo foto yako. Swali langu kwako ndugu: ku ile safari mlikuwa wengi, si kuna mtu mwengine alipiga pale pale? Mwambie asifute. Na kama telefone yako ilikuwa inapandisha foto zake ku akaunti ya Google bila wewe kujua, ingia uangalie, nimeona watu wengi wameokolewa hapo.

Ubaya wa bashi sitauficha pia: inaliwa na jua na inakunjika, kwa salon ni heri karatasi ya foto 40 kwa 30 yenye kadre kuliko bashi ya 90. Hayo ni mawazo yangu, lakini nimeyaona ku nyumba nyingi.

«Yaya, kila nikitoa 10 kwa 15 mashine inakata vichwa. Tulipanga foto ya familia mbele ya maporomoko, juu ya maporomoko imekatwa na miguu ya batoto imekatwa. Ku telefone yote ilikuwa mu foto. Kwa nini?» (Mama wa batoto bane, Kamalondo)

Jambo sana mama. Hii ni fupi. Telefone nyingi zinapiga foto ya umbo la 4 kwa 3, lakini karatasi ya 10 kwa 15 ni umbo la 3 kwa 2, ni refu zaidi. Ili karatasi ijae bila kubaki nyeupe, mashine inakata juu na chini, kama sehemu moja ku kila tisa ya kimo inaenda, na hiyo ndo kichwa na miguu. Omba 15 kwa 20 ama 30 kwa 40, hizo ni umbo sawa na telefone yako na hakuna kinachokatwa. Ukitaka 10 kwa 15 tu, sema «weka nyeupe pembeni, usikate», wanajua. Na siku ya kupiga rudi nyuma hatua mbili, acha hewa juu na chini.

«Yaya mpendwa, tulikuwa ku Kundelungu mwezi wa saba. Kwa macho ilikuwa vizuri, unaona mabonde mpaka mbali, lakini foto zote ni kijivu, vilima vya nyuma vimepotea kabisa. Nimejaribu kuirekebisha ku programu, imekuwa mbaya zaidi, imetoa mchanga mchanga. Nifanye nini?» (Msomaji wa Kampemba)

Hii barua nimeipenda kwa sababu inagusa kitu ambacho sisi watu wa Katanga tunakiishi kila mwaka na hatukifikirii tukiwa na kamera. Mwezi wa tano mpaka wa tisa hakuna mvua, nyasi zinakauka, watu wanachoma pori, wengine kwa shamba, wengine kwa kuwinda, na moshi na vumbi vinakaa hewani wiki na wiki bila kitu cha kuvishusha. Kila chembe ya moshi inatawanya mwanga wa jua. Kilima cha karibu kiko nyuma ya hewa kidogo, kinaonekana, kilima cha mbali kiko nyuma ya kilomita nyingi za moshi, na hapo mwanga mweupe unakuwa mwingi kuliko rangi ya kilima chenyewe. Jicho lako linasaidiwa na akili, akili inajua pale kuna kilima inakimalizia. Kamera haimalizii, inaandika kile kilichofika.

Na ukienda ku programu ukavuta kile kitufe cha kuondoa ukungu mpaka mwisho, unachofanya ni kupanua tofauti ndogo sana iliyobaki, na uchafu wa kihisishi cha kamera unapanuka nayo pamoja, ndo ule mchanga mchanga. Ku skrini ndogo unaweza kuusamehe. Ku karatasi ya 30 hausameheki. Vuta kidogo tu, robo, uache.

Nini cha kufanya ukiwa pale pale mwezi wa saba? Amka mapema, kabla jua halijapanda, na ujue baridi ya mwezi wa sita na wa saba asubuhi siyo mchezo, beba koti. Simama jua likiwa mgongoni ama pembeni yako, kwa sababu ukiangalia upande wa jua moshi wote unawaka mbele ya lensi. Usivute zumu kwenda kilima cha mbali, zumu inakuletea moshi pamoja na kilima. Weka kitu karibu: mti wa miombo, kichuguu, jiwe, mtu aliyesimama ukingoni, kitu ambacho kiko mita tano na chenye rangi nzima, alafu acha vilima nyuma vififie kimoja baada ya kingine, cha kwanza kijivu cheusi, cha pili kijivu, cha tatu karibu na mbingu. Hapo moshi umekusaidia, kwa sababu ndo unaomwonyesha mtu kwamba kule ni mbali. Nimetoa foto moja ya namna hiyo, vilima vitano kama karatasi zimepangwa, ku karatasi ya mat (isiyong'aa), na yule mwenye foto alikuwa anataka kuifuta. Jioni pia, jua likishuka ndani ya moshi linakuwa jekundu na duara kabisa, unaweza kulipiga bila kuumia macho, dakika chache tu za mwisho.

Kama una kamera yenye lensi ya kufungua, filta ya polarizasyo inasaidia kiasi, zaidi ukiwa na jua ubavuni. Lakini dawa ya kweli ni kurudi wakati mwengine. Mvua za kwanza, mwisho wa mwezi wa kumi na mwezi wa kumi na moja, zinaosha hewa. Asubuhi baada ya mvua ya usiku unaona mpaka mwisho wa dunia, udongo mwekundu, majani mapya, mawingu yenye umbo. Kwa mabonde hiyo ndo sezoni. Kwa Lofoi yenyewe ni tofauti kidogo, maporomoko yanazidi mita 300 kwa kimo lakini kiangazi kikiendelea mto unapungua, unakuta uzi mwembamba, na mvua zikizidi maji ni mengi lakini gari linakwama. Ndo maana ndugu wa Katuba hapo juu alifanya vizuri kwenda mwezi wa ine, mvua zikiwa zinaisha na maji bado yako.

«Yaya, nilipiga jakaranda ya mjini na barabara ya bulongo nyekundu ya kwetu. Ku telefone zambarau ni zambarau. Labo wamenirudishia maua ya bluu, bulongo ni ya kahawia kama ya nchi zingine, na yote giza. Nimegombana nao.» (Kijana wa Ruashi)

Usigombane nao bado, kuna mambo matatu hapa yamekutana.

Giza kwanza. Kioo cha telefone kinatoa mwanga chenyewe, karatasi haina taa ndani, inarudisha tu mwanga wa chumba. Wewe umerekebisha foto kioo kikiwa kimewashwa mpaka mwisho, ukaiona inang'aa, kumbe foto yenyewe ni nyeusi. Shusha mwanga wa kioo mpaka nusu, alafu ndo uangalie foto. Utaona inahitaji kupandishwa kidogo. Ipandishe.

Bulongo sasa. Mashine nyingi za labo zina koreksyo ya otomatiki. Inaangalia foto nzima, ikikuta rangi moja imezidi inadhani taa ilikuwa mbaya, inaivuta rudi kijivu. Kwa foto ya harusi ndani ya sali yenye balbu za njano inasaidia sana. Kwa barabara yetu, ambapo nusu ya foto ni nyekundu kwa sababu udongo ni mwekundu kweli, inafuta kile ulichokipiga. Jua la kuzama linapata mateso hayo hayo. Ukifika sema tu «bila koreksyo», waandike ku bahasha. Mimi mwenyewe nilitoa foto nyingi za watu hivyo kabla sijaelewa, na bado zinaniuma.

Zambarau ya jakaranda ni ngumu zaidi, na hapa labo wana haki kidogo. Iko kati ya bluu na nyekundu mahali ambapo kamera nyingi zinaisoma kama bluu, na wino wa mashine nao haufiki vizuri pale. Piga maua yakiwa kivulini ama siku ya mawingu, usipige jua kali la mchana. Ku programu gusa bluu peke yake uisogeze kidogo kuelekea zambarau, usiguse rangi zote. Alafu kabla ya kulipa foto kubwa, toa moja ya 10 kwa 15, toka nayo mlangoni uiangalie kwa mwanga wa jua, siyo chini ya neon ya duka. Ile ndogo ni pesa kidogo sana, na kosa utaliona hapo.

«Mimi ni msafiri wa basi ya Likasi na Kolwezi, napenda kupiga njiani. Mara moja walininyang'anya telefone ku barye (kizuizi cha barabarani) wakafuta foto zote. Nifanye nini? Na pili, rafiki zangu wanasema kwetu hakuna mandhari, ni terili (vilima vya mabaki ya kiwanda cha madini) na machimbo tu.» (Msomaji wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi)

Pole sana. Kuna vitu ambavyo kwetu ukiviona unaweka telefone mfukoni: barye, daraja, kiwanja cha ndege, kambi ya jeshi, nyumba za serikali, na mgodi unaofanya kazi. Usibishane, hata ukiwa na haki hutarudishiwa foto. Ukitaka mahali kama hapo kwa kweli, tafuta ruhusa iliyoandikwa mapema, na ku kijiji salimia chifu kwanza. Mtu pia anaombwa, mama anayeuza mkaa pembeni ya barabara siyo sehemu ya mti. Na ukipiga kupitia dirisha la basi, gusisha lensi ku kioo chenyewe ili mwanga wa ndani usirudi, na upanguse lensi na kitambaa cha pamba, vumbi letu ni jekundu na linashika.

Lakini la pili ndo lililonifanya nichague barua yako. Rafiki zako wamekosea. Mpiga foto Sammy Baloji alizaliwa hapa hapa Lubumbashi mwaka 1978, na foto zilizomjulisha duniani, za mwaka 2006, ni mabaki ya viwanda vya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, majengo yameoza, kutu, nyasi, alafu juu yake ameweka watu kutoka foto za kale za wakati wa ukoloni, wafanyakazi wamesimama pale walipokuwa wanatumikishwa. Baadaye yeye na wenzake wakaanzisha biennale (maonyesho ya kila miaka miwili) ya foto ya mji huu, mwaka 2008. Hakwenda kutafuta theluji. Terili na ile shemine (bomba refu la moshi la kiwanda) tunayoiona tangu utoto ni kilima chetu, kimejengwa na mikono ya babu zetu, na terili imeendelea kupungua kwa sababu wanaichimba upya kutoa madini yaliyobaki ndani. Asiyeipiga leo kutoka mbali, kutoka mtaani kwake, kesho atakuta umbo lingine. Ipige jioni jua likiwa chini pembeni, mikunjo yake inaonekana yote. Alafu itoe ku karatasi, uandike mwaka nyuma kwa penseli, siyo kalamu ya wino, wino unapita.

«Yaya, foto ya marehemu baba yangu akiwa mbele ya ziwa imeshikana na kioo cha kadre. Mvua hizi ndo zimefanya. Naweza kuivuta?» (Dada wa Bel-Air)

Dada, usiivute. Nakuomba. Sisi tulivuta ya babu, ikatoka na kioo kikabaki na uso wake, na hatukuwa na nyingine. Karatasi ya foto ina ngozi ya juu inayolainika kwa unyevu, ikiguswa na kioo inaganda kama gundi, na ukivuta ngozi ndo inayobaki ku kioo.

Fanya hivi kwanza: panguza kioo kwa nje mpaka king'ae, peleka kadre karibu na dirisha siku ya mawingu, zima taa zote, vaa nguo nyeusi ili usijione mu kioo, na uipige foto hapo hapo kupitia kioo, telefone ikiwa sambamba kabisa na kadre, mara kumi. Ukipata mtu mwenye skana kubwa, afadhali zaidi, lalisha kadre nzima. Hizo faili hifadhi mahali pawili. Toa mpya, na mara hii mwambie fundi wa kadre aweke paspatu, ile fremu ya karatasi ngumu inayozunguka, milimeta mbili tu za hewa kati ya foto na kioo zinatosha. Utundike ukuta usiopigwa na jua na usiopakana na bafu. Ile ya zamani iache ndani ya kioo chake vile vile, uifunge na kitambaa, uiweke mahali pakavu.